Vigoda vya Mstari wa Tatu

Atuganile alipoanguka, kilichotazamwa kwanza ni taa yake.

Alianguka mbele ya mdomo wa tanuri, ungo ukiwa umejaa, na majani ya chai ya moto yakatawanyika sakafuni mpaka chini ya meza. Wanawake wa mstari wa tatu wakasimamisha mikono. Bwana Mwasumbi, msimamizi wao, akaja kwa hatua ndefu, akainama kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, akaisogeza kola ya koti la Atuganile kwa kidole kimoja. Pale kwenye mfupa wa mtulinga, taa ndogo kama kifungo cha shati ilikuwa inawaka kijani.

"Kijani," akasema. "Inuka, mama. Usituharibie siku."

"Mguu haupo," Atuganile akajibu kwa sauti ya chini.

"Upo. Nauona."

Mtu mmoja mwisho wa mstari akacheka, halafu akajikohoza kuficha. Ikupa, aliyekuwa nafasi ya pili kutoka tanuri, aliweka ungo wake mezani, akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya kwapa la mwenzake. Alipomwinua alihisi ule mguu wa kushoto unavyoburuzika nyuma kama kitu cha mtu mwingine.

Ikupa alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule aliiachia darasa la saba, lakini macho yake hayakuacha kusoma. Alikuwa anajua kwamba Atuganile akifika ungo wa tatu, mguu wa kushoto huanza kuchelewa. Ungo wa kumi, ncha ya buti inakwaruza saruji. Kuna siku majani yanampita vidoleni bila yeye kujua, na kuna siku hufumba jicho moja kwa sababu meza anaziona mbili. Hayo yote Ikupa aliyaona. Taa haikuyaona hata siku moja.

Taa zililetwa kiwandani Isumba miaka mitatu nyuma, kwa ngoma na soda. Mashine zilikuwa zinaweza kuchambua chai peke yake, na kwenye viwanda vingine ndivyo zilivyofanya. Lakini wanywaji wa ng'ambo walikuwa wameichoka chai ya mashine. Walitaka chai iliyopitia mkono wa mtu, na tena walitaka uhakika kwamba mkono huo hauumii. Basi kila paketi ya Isumba ikawekewa alama. Mnunuzi akiielekezea simu yake, anawaona wanawake kumi na tisa wa mstari wakiwa wamesimama, na juu ya kila mmoja rangi ya taa yake ya siku ile. Chini yake kumeandikwa: *Imechambuliwa na mikono mizima.*

Kijani ni mzima. Njano ni mchovu, apumzike nusu saa. Nyekundu ni mgonjwa, aende nyumbani. Mwanzoni wanawake walifurahi, wakasema sasa hakuna tena kumbembeleza Mwasumbi, kifua chenyewe kitasema. Kisha wakaona paketi zenye njano zinatengwa kwenye rundo la chai duni. Wakaona na mwenye njano tatu kwa mwezi anatolewa kwenye mstari. Taa iliyoletwa ili mtu asiumie ikageuka kuwa taa ya kumkataza mtu asionekane anaumia. Na walisimama kutwa nzima, kwa kuwa kwenye picha ya paketi wanawake walikuwa wamesimama.

"Miezi kumi na moja kijani kitupu," Mwasumbi akasema, mstari wote umsikie. "Na kila wiki unaniomba kiti. Unaniomba nikuhamishie dirishani. Leo umeongeza na maigizo. Kesho saa nne afisa wa kampuni anapanda kutoka mjini, utamweleza yeye. Akikuandika mdanganyifu, hakuna kiwanda kitakachokuchukua kuanzia hapa mpaka ziwani."

"Nilikuletea cheti cha daktari, Baba Lusajo."

"Cheti ni karatasi. Karatasi haiwaki."

*

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na bomba linaloleta maji kutoka mlimani, baridi ya kuuma meno. Saa ya chakula Atuganile alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu umezama kwenye beseni. Taratibu vidole vikaanza kucheza ndani ya maji.

"Umerudi," akasema, akiutazama mguu kama mtu anayempokea mgeni asiyeaminika.

Ikupa alikuwa anakamua kitambaa. Akakikunja, akakizungusha shingoni mwa mwenzake, ncha moja ikalala juu ya taa.

Kitambaa kile kilikuwa wazo la Ikupa. Mwaka uliopita alikuwa ameona kwamba siku za mvua Atuganile anatembea kama msichana, na mbele ya tanuri anatembea kama bibi yake. Akamwambia, dada, joto ndilo adui yako. Kesho yake akamletea kitambaa kibichi, na tangu siku hiyo wanawake wa mstari wakawa wanapokezana kukilowesha, leo huyu, kesho yule, bila kuambiana. Kabla ya hapo taa ya Atuganile ilikuwa inapiga njano mara mojamoja. Baada ya hapo, kijani tu. Walidhani wanampoza mtu, kumbe wanaipoza na taa. Na sasa ile miezi kumi na moja ya huruma yao ndiyo iliyokuwa ushahidi wa Mwasumbi.

"Daktari alikuelezaje hasa?" Ikupa akauliza.

"Jina aliliandika, refu kama reli, sikulishika. Ila alisema hivi: chukua waya wa umeme, panya autafune lile ganda la juu. Waya upo, umeme upo, lakini umeme unapotelea njiani. Unabonyeza swichi, taa huku haiwaki. Basi mwili wangu ndio panya. Unajitafuna ganda la mishipa yake wenyewe. Miezi mingine analala, miezi mingine anaamka na njaa."

"Na hii ya shingoni?"

"Hii inasikiliza moyo, na jasho, na joto la damu. Waya haisikilizi."

"Basi kesho tuwaambie habari ya kitambaa," Ikupa akasema. "Tuseme, Dada Atu huonekana mzima kwa sababu sisi tunampoza. Mvueni kitambaa, mumuweke mbele ya tanuri, muone."

"Wewe Ikupa," sauti ikatoka upande wa pili wa bomba. "Hebu rudia, nisikie vizuri."

Alikuwa Bupe, mwanamke mnene wa sura na mwembamba wa mikono, anayesimama nafasi ya tano. Na yeye alikuwa na kitambaa shingoni. Mstari wote walijua kwa nini, na hakuna aliyewahi kulisema. Bupe alizaliwa na selimundu. Usiku mifupa ilimsaga, asubuhi alipanda kilima akiimba, na kitambaa ndicho kilichomzuilia njano isitoke. Alikuwa amejifunza kwa kumtazama Atuganile.

"Dada Bupe, sikukusudia wewe."

"Najua hukunikusudia. Jiwe linalorushwa gizani nalo halimkusudii mtu. Mkitaja kitambaa, watapita shingo kwa shingo. Wa kwanza kuvuliwa nani? Nina njano mbili tayari mwezi huu."

"Lakini huyu anafukuzwa kwa uongo."

"Na mimi nitafukuzwa kwa ukweli. Nafuu yake iko wapi?"

Mmoja alikuwa anaomba aonekane, mwingine anaomba asionekane, na wote wawili wamevaa kitambaa kimoja, na kitambaa amekileta Ikupa. Akachukua kitambaa kingine kibichi, akakikamua mpaka tone la mwisho, kisha akaendelea kukikamua kikiwa kikavu.

"Msigombane juu ya shingo yangu," Atuganile akasema. Alikuwa anaufuta mguu kwa upindo wa khanga, kidole baada ya kidole. "Kitambaa hakitajwi. Mimi sitatoka shimoni kwa kumkanyaga Bupe kichwani. Kama ni kuandikwa mwongo, niandikwe. Watoto wangu wananijua."

"Watoto wako hawawezi kukuajiri," Ikupa akasema.

"Hasira zako hizo, mdogo wangu, zinanisaidia nini?"

"Sijui bado."

Bupe akajifunga upya kitambaa chake. Alipopita karibu na Atuganile alimgusa bega, kisha akaondoka bila kumwangalia usoni.

*

Afisa alikuja kwa gari lisilo na dereva, akashuka mbele ya kiwanda akiwa anacheka na simu. Jina lake Felista. Alikuwa na sauti laini, aliwaamkia wazee kwanza, akamuuliza Mwasumbi habari za mtoto wake Lusajo kwa jina. Ikupa alimtazama akajisikia vibaya zaidi. Mtu mkali ungejua umshike wapi.

Shauri la mtu wa mstari husikilizwa mbele ya mstari. Ndivyo walivyokubaliana na kampuni tangu zamani. Basi Felista aliletewa kiti, kiti pekee mle ndani, akakaa karibu na tanuri na kioo chake cha kuandikia mapajani. Juu ya meza, kwenye dari, jicho la paketi, ile kamera inayowaonyesha kwa wanunuzi, lilikuwa linatazama kama siku zote. Chini ya kola ya Felista nako iliwaka taa; kila aliyelipwa na Isumba aliivaa.

"Dada Atuganile," akasema, "nimesoma rekodi yako. Siku mia mbili na sabini na moja za kazi, zote kijani. Mimi nataka kukuamini, nakwambia ukweli. Nipe kitu nikuamini nacho."

Atuganile alieleza habari ya waya na panya. Felista aliitikia kwa kichwa, kwa upole, lakini vidole vyake havikuandika.

Ndipo Ikupa akatoka kwenye nafasi yake na buti mbili mkononi. Akaziweka sakafuni mbele ya afisa, kisha akavua za kwake akazipanga pembeni.

"Mama, buti hizi tuligawiwa wote siku moja, mwezi wa kwanza. Hizi zangu. Hizi za Dada Atu. Tazama ya kushoto."

Ncha ya buti ya kushoto ilikuwa imelika mpaka kitambaa cha ndani kinaonekana. Ya kulia ilikuwa nzima, na kisigino bado kina mistari yake.

"Mtu anayeigiza," Ikupa akasema, "huigiza akitazamwa. Hii imelika kwenye kila hatua, na hakuna mtu aliyekuwa anatazama miguu yake."

"Anaweza kuisugua nyumbani," Mwasumbi akasema.

"Nimekuelewa, dada yangu," Felista akasema, na kweli alionekana ameelewa. "Tatizo, kiatu hakinipi namba. Nikiandika buti kwenye hiki kioo kinaniuliza, kipimo kiko wapi? Taa ni kipimo. Buti ni hadithi."

Watu kumi na tisa walimsikia. Bupe alikuwa anaangalia chini. Ikupa alijua kwamba neno moja tu, kitambaa, lingetosha sasa hivi. Lilikuwa limemkaa ulimini, chungu kama mwarobaini. Akalimeza.

"Basi ashike ungo," akasema.

Kisha mwanamke wa nafasi ya tisa akalirudia kwa sauti ndogo: ashike ungo. Likapita mstarini kama upepo kwenye migomba.

"Maana yake nini?" Felista akauliza.

Mwasumbi alikuwa tayari ameanza kukunja uso. Na yeye aliwahi kushikishwa ungo, mwaka wake wa kwanza.

"Ni desturi ya mstari, mama," Ikupa akasema. "Tangu bibi zetu wanachambua hapa. Huwezi kumshitaki mwenzio kwamba ni mzembe au mwongo, kabla hujashika ungo wake. Unasimama pale anaposimama yeye, unachukua ungo mmoja kutoka tanuri mpaka mezani. Ukifika, sema unalotaka, hatutakukatiza."

Felista akatabasamu. Alitupa jicho juu, kwenye lile jicho la paketi. Wanywaji wa ng'ambo walipenda sana desturi. "Ungo mmoja tu?"

"Mmoja tu. Ila ungo wa Dada Atu hushikwa kwa mguu wa Dada Atu."

Akamwomba Felista avae ile buti iliyolika. Akamketisha sakafuni, mguu wa kushoto umekunjwa chini yake, akaukaza kwa mpira wa kufungia magunia juu ya goti. "Ukalie mpaka ganzi iingie." Akamvisha mkono wa kushoto glavu mbili za tanuri, moja juu ya nyingine, akamfunga jicho moja kwa leso. Felista alicheka kidogo mwanzoni. Muda wa kikombe cha chai ulipopita hakuwa anacheka.

"Siusikii," akasema.

"Ndiyo," Atuganile akamwambia. "Ndivyo unavyoanza."

Wakamnyanyua. Akapiga hatua kuelekea tanuri, moto ukamjia usoni, akaupokea ungo. Hatua ya kwanza aliimudu. Ya pili akautazama mguu ili ajue uko wapi. Ya tatu ncha ya buti ilikwaruza saruji, krrr, sauti ambayo mstari mzima waliisikia miezi kumi na moja. Ya nne ungo ukainama upande wa glavu na chai ikaanza kumwagika, na yeye hakujua. Ya tano akaanguka.

Hakuna aliyekimbia. Ikupa alimwendea taratibu, akainama, akaisogeza kola yake kwa kidole kimoja.

"Kijani," akasema. "Inuka, mama. Usituharibie siku."

*

Felista aliufungua mpira mwenyewe. Alikaa sakafuni kwenye chai iliyomwagika, akiusugua mguu huku damu ikirudi na sindano zake, na uso wake ukawa umebadilika.

"Nimeona," akasema. "Dada Atuganile, siwezi kukuandika mdanganyifu. Nimeanguka mimi mwenyewe, na kule juu wameniona. Taa hii haioni."

Pumzi ikatoka mstarini. Atuganile akaishika meza kwa mikono miwili.

"Na ndiyo maana kampuni imetengeneza nyingine," Felista akaendelea, akijizoazoa. Sauti yake ilikuwa imerudia ulaini wake. "Hiyo haikai shingoni. Inaingizwa kwenye uti wa mgongo kwa sindano nyembamba, dakika tano, huumii. Inasoma mishipa, inasoma mifupa, inasoma damu chembe kwa chembe. Hakuna tena mtu wa kuitwa mwongo. Kinachohitajika ni mstari mzima kukubali, vidole gumba kumi na tisa hapa kwenye kioo. Mkikubali leo, leo hiihii namwandikia Atuganile kiti chake, na nafasi ya dirishani."

Akamgeukia Ikupa, akamnyooshea kioo. "Wewe uliyemtetea. Anza wewe."

Ikupa alikitazama kile kioo, kisha akautazama mstari. Mkono wa Bupe ulikuwa umepanda shingoni. Huo aliutarajia. Lakini na wa Tumpale ulikuwa umeshuka tumboni, kama unaoficha kitu. Mama Suma, aliyekuwa na desturi ya kutoka kila saa sita kamili kwenda kumeza kitu nyuma ya bomba, alikuwa amegeukia ukuta. Yule binti wa nafasi ya kumi na nne, ambaye mara mbili Ikupa alimwona ameganda macho wazi kama taa iliyozimika na kuwashwa tena, alikuwa amejibanza nyuma ya jirani yake. Wamesimama palepale, mchana kweupe, na mstari mzima unajificha.

Atuganile naye alikuwa anamtazama. Hakutikisa kichwa wala hakukubali. Alikuwa ameegemea meza, mguu umening'inia, na Ikupa aliona jinsi anavyokitaka kile kiti. Alikitaka mpaka macho yalikuwa na maji.

"Mama," Ikupa akasema, "kiti na uti wa mgongo wangu vinajuana wapi?"

"Bila kipimo, dada, kila mtu ataomba kiti."

"Na wakiomba?"

Felista alikivuta kioo karibu na kifua. Lilikuwa swali jepesi na hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Viti si tatizo," akasema mwishowe. "Tatizo ni kujua nani anastahili."

Kitu kikapanda kifuani mwa Ikupa, cha moto kuliko tanuri. Miaka mitatu ya kusogezwa kola. Angeweza kupiga kile kioo sakafuni. Akaiweka mikono nyuma, akaishikanisha.

"Tupe mpaka kesho," akasema.

"Kesho saa nne. Nitalala mjini nirudi."

Alipokwishatoka, akichechemea bado, Bupe alimjia Ikupa mpaka pua zikakaribiana.

"Hongera. Umewaambia taa yao ni kipofu. Sasa wanatuletea yenye macho mgongoni. Leo usiku nitalala raha mustarehe."

"Kwenu una kigoda?" Ikupa akauliza.

"Nini?"

"Kigoda, Dada Bupe. Kile unachokalia ukikamua ng'ombe."

*

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na wanawake wakapanda kilima mmojammoja wakiwa na vitu kichwani. Bupe na kigoda chake cha miguu mitatu. Mama Suma na kreti tupu la soda. Tumpale alibeba kiti cha plastiki kilichokatika mgongo, kimefungwa kwa kamba. Atuganile alipanda mikono mitupu, ameushikilia mkono wa Ikupa, na Ikupa alibeba vigoda vitatu. Wengine sita hawakuleta kitu. Walipita kando wakiangalia njia, na hakuna aliyewalaumu; kila mtu anajua chungu chake kinavyochemka.

Meza ilikuwa ndefu na ya kusimamia. Ukikaa, kidevu kinagonga ubao. Mwasumbi alikuwa amesema tangu zamani kwamba haishuki. Lakini siku meza ile ilipofungwa Ikupa alikuwa anafagia karibu, na alimwona fundi akichomoa pini chini ya kila mguu, akaishusha, akaipandisha, akachagua. Pini zilikuwa zimeota kutu kweli. Ikupa alizimwagia mafuta ya kula, akazigonga kwa jiwe la kusagia, moja baada ya nyingine, na ya mwisho ilipotoka meza ikashuka urefu wa mkono mpaka kiwiko, ikatulia.

"Dada Atu, nenda dirishani. Mimi nakaa kwa tanuri, nyungo nitakuletea."

"Utaungua."

"Mimi joto halinidai kitu."

Wakakaa. Nyungo zikaanza kupepeta.

Mwasumbi aliingia na kikombe cha chai mkononi, akasimama mlangoni mpaka kikaacha kutoa moshi.

"Nani mgonjwa hapa?"

Nyungo zikapepeta. Akapita nyuma yao, kola kwa kola, kidole kwa kidole. Kijani. Kijani. Kijani. Wote vitambaa shingoni, vibichi, na sasa haikuwezekana kujua ni cha nani kilichotangulia.

"Mwenye kijani hakai," akasema.

"Imeandikwa wapi, Baba Lusajo?" Mama Suma akauliza, bila kuinua kichwa. "Njano apumzike, tumesoma. Nyekundu aende nyumbani, tumesoma. Kijani asikae, hiyo karatasi hujatuonyesha."

"Na leo karatasi inawaka?" Bupe akaongeza, na mstari wote wakacheka kwa pua.

Saa nne Felista alifika. Jicho la darini lilikuwa linawatazama kama kawaida, na kule linakoelekea watu walikuwa wanaona mikono ileile ikifanya kazi ileile, ila sasa iko chini kidogo. Alikuwa na kioo chake. Bado alikuwa anaukanyaga mguu wa kushoto kwa wasiwasi, kama mtu anayepima barafu ya friji kwa kidole.

"Nani ameomba viti?" akauliza.

"Hakuna aliyeomba," Ikupa akasema.

"Sasa mmekaa kwa sababu gani?"

"Kusimama kunachosha."

"Sababu ya kila mmoja, nataka."

"Ndiyo hiyo."

Felista aliupitia mstari. Alikishika kioo mbele ya kila mmoja, na kila mmoja mikono yake ilikuwa ndani ya ungo, na ungo haukutuliwa. Kwa Bupe alikawia. Bupe alimwinulia uso wake mnene, akamsalimia vizuri, akamuuliza kama mguu umepona. Alipofika kwa wale sita waliosimama, mmoja alikinyooshea kioo kidole gumba, akakitazama hicho kidole, akakirudisha. Kisha akapindua kapu tupu la chai, akalikalia.

"Nitaandika nini?" Felista akasema. Sauti ilikuwa imemtoka bila ulaini, na kwa mara ya kwanza Ikupa aliisikia ya kwake halisi. "Nikiandika kumi na nne wamekaa, kitaniuliza kumi na nne wana nini."

"Kiambie wana vigoda."

Kule dirishani upepo wa mlimani ulikuwa unaingia. Atuganile alikuwa kwenye ungo wa kumi na mbili, miguu yote miwili imelala sakafuni bila kuburuzwa na mtu, na hakuna jani lililompita vidoleni. Mwasumbi alikuwa anamtazama yeye.

Ikupa alikisukuma kwa mguu kile kigoda cha tatu, kilichobaki kitupu, kikateleza sakafuni mpaka mbele ya afisa.

"Kaa, mama. Mguu huo unakusumbua."

Felista hakukaa. Alibaki amesimama katikati ya sakafu na kioo chake kinachosubiri, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Wanawake waliuona ule mguu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kutazama taa yake.